Machakos, mji unaokufunza kutazama matairi

Iwapo wewe ni mkazi wa Nairobi na umewahi kupanda basi la kwenda mashambani, bila shaka jina Machakos si geni masikioni mwako. Kituo kikubwa cha mabasi ya mashambani katika jiji hilo kimebeba jina hilo kwa miaka mingi, na wapo watu wazima waliokitumia mara mia na zaidi bila ya kuikanyaga Machakos yenyewe. Makala haya yanakualika uende huko, wewe na jamaa yako, siku ya Jumamosi au Jumapili. Lakini kabla ya kuondoka, inama kidogo uyatazame matairi ya gari lako. Kwa nini? Utaelewa tukifika.

Safari yenyewe ni fupi. Machakos iko kiasi cha kilomita 65 kusini mashariki mwa Nairobi. Utaifuata barabara ya Mombasa, uipite Mlolongo, ambako malori huchukua foleni kwenye mizani, kisha uupite mji wa Athi River na viwanda vyake vya saruji. Mkono wako wa kushoto utaona mawe makubwa ya kilima cha Lukenya. Hatimaye utafika njia panda ya Kyumbi. Hapo wanaokwenda Mombasa huendelea mbele, nawe utapinda kushoto kuelekea vilimani.

Ukishapinda utahisi mabadiliko mara moja. Nyika inabaki nyuma, na mbele yako vinajitokeza vilima vya Mua na vya Iveti, vyenye mashamba yaliyokatwa ngazi ngazi kuanzia bondeni hadi karibu na kilele. Usizipite ngazi hizo kama mtu asiyejua thamani yake. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni walidhani udongo wa sehemu hii umekwisha, kwa jinsi ulivyokuwa ukichukuliwa na mvua. Wenyeji, na hasa vikundi vya akina mama, walichimba mitaro na kuurusha udongo upande wa juu, mpaka mashamba yakatulia. Mtindo huo huitwa "fanya juu", na jina hilo la Kiswahili leo linatumika katika vitabu vya kilimo ulimwenguni kote.

MJI ULIOPITWA NA GARI MOSHI

Wanafunzi wa historia watafurahi kukumbuka kwamba Machakos ni mkubwa wa Nairobi kwa umri. Jina lake limetokana na Masaku, mtu mashuhuri miongoni mwa Wakamba wa karne ya 19. Waingereza walipoanza kujipenyeza bara, hapa ndipo walipoweka kituo chao cha utawala, na John Ainsworth alitawala kutoka hapa katika miaka ya 1890. Wakati huo Nairobi ilikuwa kinamasi tu cha kunyweshea ng'ombe.

Kilichobadilisha mambo ni magurudumu. Reli ya kutoka Mombasa haikupitia Machakos. Ilikata nyika na kufika Nairobi mwaka wa 1899, na mwaka uo huo makao ya utawala yakahamishwa kuifuata. Tangu hapo mji huu umebaki mtulivu, wenye miti mingi, na watu wasiokuwa na haraka ya kusukumana. Tangu 2013 ni makao ya Kaunti ya Machakos. Upande wa bwawa la Maruba kuna bustani ya watu wote, iitwayo People's Park, ambako watoto wako wanaweza kukimbia hadi wachoke.

Lakini mwandishi wa makala haya hakwenda Machakos kutazama bwawa. Nilikwenda kwa sababu ya kombi ya mjomba wangu.

KOMBI CHINI YA MWEMBE

Mjomba ni mwalimu aliyestaafu na nyumba yake iko kwenye mteremko wa Iveti. Gari lake ni kombi ya Volkswagen ya miaka ya 1970, ile yenye injini nyuma. Ndani seremala mmoja wa mjini alimtengenezea kitanda kinachokunjwa, kabati, meza ndogo na mahali pa jiko la gesi. Kwetu sisi wapwa zake gari hilo lilikuwa hoteli. Kila Desemba tulijazwa humo pamoja na magodoro na sufuria, tukapelekwa Mombasa, na tulipochoka njiani tulilala ndani.

Tangu 2017 kombi hiyo ilikuwa imesimama chini ya mwembe. Watoto walikuwa wamekua, naye mjomba macho yake hayakuipenda tena barabara ya usiku. Mwaka wa 2023 akaamua kuiuza. Alihitaji pesa za kumalizia matibabu ya mke wake, na mnunuzi alikwisha kupatikana: mume na mke vijana wenye watoto watatu, waliotaka kufanya kama tulivyofanya sisi, kuwapakia watoto na kuteremka pwani wakati wa likizo.

Injini ilifanyiwa kazi ikawaka. Rangi iling'arishwa. Breki ziliangaliwa. Yakabaki matairi, na hapo ndipo tulipotofautiana.

"Mpwa wangu," mjomba aliniambia, "matairi haya yana meno tele. Tazama mwenyewe. Mtu hanunui viatu vipya kwa ajili ya ng'ombe anayekwenda mnadani."

Kweli, meno yalikuwa tele. Ukiyatazama ukiwa umesimama ungesema yamenunuliwa juzi. Mjomba aliyanunua yote manne kwa mkupuo mmoja, na baada ya hapo gari lilitembea safari chache tu. Hata hivyo nilimwomba tuliteremshe gari polepole hadi mjini ili fundi alitupie jicho. Alikubali, shingo upande.

FUNDI ALIYELALA CHALI

Ukifika Machakos mjini utawakuta mafundi wa magurudumu kando ya barabara, kila mmoja na mashine yake ya kupulizia upepo, beseni la maji ya kutafutia pancha, na rundo la matairi makuukuu kama alama ya biashara. Fundi wetu alikuwa kijana, lakini alifanya jambo ambalo wazee wengi hawalifanyi. Hakuyapiga matairi teke. Alichukua tochi, akalala chali, akaingia chini ya gari.

Msomaji, alichokuwa akikitafuta huko ni tarehe ya kuzaliwa. Kila tairi limeandikwa ubavuni herufi DOT, zikifuatwa na herufi na tarakimu nyingine. Zitazame tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, jua tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Ukiona tarakimu tatu tu, usiendelee kuhesabu: tairi hilo ni la kabla ya mwaka wa 2000. Mara nyingi tarehe huandikwa ubavu mmoja tu, na ikiwa ubavu huo umegeukia ndani, huwezi kuiona mpaka uingie chini ya gari kama alivyofanya kijana yule.

Alitoka akipangusa vumbi. "Mwalimu, hawa ni marehemu," alisema. "Ni 2208. Wiki ya 22, mwaka wa 2008."

Matairi yalikuwa na miaka 15. Fundi alimwomba mjomba ainame, akalibonyeza tairi ubavuni kwa kidole gumba. Nyufa nyembamba zikafunguka, kama udongo wa Ukambani kabla ya mvua za Oktoba. Mpira, alieleza, huliwa na hewa na jua hata kama gari halitembei. Tena gari linalosimama huumia zaidi, kwa sababu mafuta ya kulinda mpira, ambayo kiwanda huyachanganya ndani yake, hupanda juu vizuri tairi linapozunguka na kupata moto. Lililosimama hukauka. Uzito nao hulikandamiza mahali pamoja mpaka linapata ubapa. Ndiyo sababu gari la safari, ambalo hutembea wiki mbili na kulala wiki hamsini, hufa matairi kabla ya meno kuisha.

Je, tairi linapaswa kuishi miaka mingapi? Watengenezaji wengi wa magari hushauri libadilishwe baada ya miaka sita, na viwanda vingi vya matairi husema miaka kumi ndiyo mwisho kabisa, hata kama linaonekana zima. Kwa gari zito linalokaa juani, afadhali uifuate hesabu ya wale wa kwanza.

KILICHOTOKEA UINGEREZA

Huenda ukadhani haya ni maneno ya mafundi wanaotaka kuuza. Basi sikiliza yaliyotokea mbali na hapa. Mnamo Septemba 2012 basi lililokuwa limewabeba vijana waliotoka kwenye tamasha la muziki katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, lilipasuka tairi la mbele karibu na Hindhead. Liliiacha barabara na kuugonga mti. Watu watatu walikufa, mmoja wao kijana wa miaka 18 aliyeitwa Michael Molloy. Uchunguzi ulionyesha kwamba tairi lile lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19. Meno yake yalikuwa bado yanakubalika kisheria.

Mama yake Michael, Frances Molloy, hakunyamaza. Aliisumbua serikali kwa miaka mingi, na kuanzia tarehe 1 Februari 2021 imekuwa marufuku nchini humo kuweka tairi la zaidi ya miaka kumi kwenye magurudumu ya mbele ya mabasi na malori, au kwenye magurudumu ya peke ya mabasi madogo. Sheria hiyo ilinunuliwa kwa maisha ya watu.

Nilimsimulia mjomba kisa hiki tukiwa tumeketi kwenye benchi la fundi. Hakujibu. Alikuwa akiwaza, nadhani, juu ya wale watoto watatu.

RAHISI HUVUNJA UPISHI

Kabla hatujaamua, dalali mmoja alitujia. Madalali wa aina hii wako kila mji, na si lazima nikutajie jina lake wala mahali pake. Alikuwa na matairi manne "ya kutoka ng'ambo", meusi ti, yanayong'aa kama viatu vya askari siku ya gwaride. Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya bei ya matairi mapya. "Mzee unauza gari," alisema kwa upole. "Mnunuzi anataka kuona weusi. Weka haya, chukua pesa zako, umalize shida yako nyumbani."

Neno hilo la mwisho lilimgusa mjomba, maana shida ilikuwapo kweli. Kila elfu iliyotumika kwenye matairi ilikuwa elfu iliyopungua hospitalini. Usimcheke mtu anayesita mahali kama hapo.

Fundi aliyakagua matairi yale bila kusema neno, kisha akatuonyesha. La kwanza lilikuwa zee kuliko tuliloleta. La pili lilikuwa limezibwa tundu karibu na ubavu, mahali ambapo mpira hujikunja kila linapozunguka, na kizibo hakikai. La tatu na la nne yalikuwa na meno marefu, lakini meno yenyewe yalikuwa yamechongwa kwa kisu cha moto. Ukitaka kuyatambua matairi ya namna hii, tazama ndani ya mitaro. Tairi la kiwandani lina vituta vidogo vilivyolala mtaroni, vyenye urefu wa milimita 1.6. Meno yakiisha hadi kulingana na vituta hivyo, tairi limekwisha. Mchongaji hukata vituta vyenyewe, na wakati mwingine kisu hupita mpaka nyuzi za ndani zikachungulia. Yako matairi ya malori yaliyotengenezwa nene makusudi ili yaweze kuchongwa upya, na huandikwa hivyo ubavuni. La gari dogo likichongwa ni mtego.

Ukambani ni nchi ya wachongaji. Huko Wamunyu, mashariki mwa mji huu, ndiko alikotoka Mutisya Munge, aliyejifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi nao nyumbani na kuwafundisha wenzake. Leo vinyago vya Wakamba vinajulikana duniani. Lakini kama alivyosema fundi wetu, "Hapa kwetu tunachonga miti. Anayechonga tairi anachonga jeneza."

Dalali aliyakusanya matairi yake, akaenda zake.

NAMBA ZA UBAVUNI

Sasa tuseme nawe umeamua kununua mapya. Usimwambie muuzaji "nipe ya kombi". Soma kwanza yaliyo ubavuni, na usome pia kitabu cha gari au kibandiko cha mlangoni kikiwapo.

Kombi ya mjomba huvaa 185R14C. Namba 185 ni upana kwa milimita. R ina maana nyuzi za ndani zimelala moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Namba 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Na C, msomaji, ndiyo herufi wengi wanaoisahau: maana yake ni tairi la gari la kubebea mizigo. Baada ya hapo huja namba ya uzito. Kwa tairi hili huwa 102, na maana yake ni kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 850.

Duka la kwanza tuliloingia lilitupatia 185/70R14, la gari dogo la kawaida. Lilikuwa jipya, zuri, na bei yake nafuu. Liliingia kwenye rimu bila matata. Lakini namba yake ya uzito ilikuwa 88, yaani kilo 560. Piga hesabu nami. Matairi manne ya namna hiyo hubeba kilo 2,240 yote kwa pamoja. Kombi yenye kitanda, kabati, mtungi wa gesi, maji, mizigo na watu watano yaweza kuukaribia uzito huo au kuupita. Isitoshe, uzito haugawanyiki sawa, kwa sababu injini iko nyuma. Matairi ya nyuma yangekuwa yameelemewa tangu Kyumbi, na Mombasa ni zaidi ya kilomita 400 mbele.

Tairi lililoelemewa, au lisilo na upepo wa kutosha, hujikunja kupita kiasi. Kujikunja huleta joto, nalo joto huachanisha mpira na nyuzi. Ndiyo maana matairi mengi hupasuka mchana wa jua kali, kwenye barabara nzuri iliyonyooka, gari likienda kasi. Dereva husema alirogwa.

Zamani kulikuwa na jibu jepesi kwa aliyetafuta tairi: kiwanda cha Nairobi, kilichoanza kama Firestone na baadaye kikawa cha Sameer Africa, kilitengeneza matairi hapa hapa, na jina la Yana lilijulikana hadi vijijini. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka wa 2016. Sasa matairi huja kutoka pande zote za dunia, yenye majina tusiyoweza hata kuyatamka, na mnunuzi hana budi kusoma namba mwenyewe.

Duka la pili lilikuwa na 185R14C. Muuzaji alituletea manne, mawili ya mwaka uo huo na mawili yaliyokaa dukani miaka minne. Tairi lililohifadhiwa kivulini haliharibiki upesi kama la juani, lakini kwa nini ulipe bei ya jipya kwa kitu ambacho kimekwisha kula sehemu ya umri wake? Tulimwomba abadilishe yale mawili. Alinung'unika, akaenda ghalani, akarudi na ya mwaka uo huo. Yalikuwapo tangu mwanzo.

UAMUZI WA MWALIMU

Hata hivyo mjomba hakulipa papo hapo. Alitoka nje, akasimama kivulini, akaniambia jambo lililonifanya nimheshimu zaidi.

"Nina njia mbili za haki," alisema. "Ama niyaweke haya mapya, au nimwambie kijana yule ukweli, nimuuzie gari kwa bei ya chini, naye alichukue juu ya lori akanunue mwenyewe. Njia ya tatu ipo, lakini siwezi kulala nayo."

Alimpigia mnunuzi simu. Alimweleza umri wa matairi bila ya kuficha lolote. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia: yeye alikuwa amekwisha kutenga nusu ya bei ya matairi, kwa kuwa kila gari kuukuu alilolitazama lilihitaji mapya, na mjomba ndiye muuzaji wa kwanza kumwambia. Wakagawana gharama. Mjomba akalipa, akaweka risiti mfukoni ili aikabidhi pamoja na logibuku.

Chema chajiuza, wahenga walisema. Nawe unapouza gari kumbuka kwamba ukweli hauishii kwenye matairi. Hakikisha umiliki umehamishwa rasmi kwa jina la mnunuzi kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen, ili kesho likipata ajali usije ukatafutwa wewe.

Fundi aliyavika matairi. Aliweka valvu mpya, maana ya zamani ilikuwa imekauka kama mpira wake. Alikataa kutia tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu. Aliyapima mizani ili yasitetemeke, na akajaza upepo kwa geji, ya nyuma yakipata zaidi ya ya mbele kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Akatupa maagizo matatu: upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hivi, na dereva asikimbie siku ya kwanza kwa sababu tairi jipya lina utelezi.

KYAMWILU: MACHO HUDANGANYA

Kwa kuwa matairi yalihitaji kujaribiwa, tulikwenda mahali ambapo nawe usikose kufika. Kiasi cha kilomita 12 kutoka mjini, kwenye vilima vya Kituluni, pana sehemu ya barabara iitwayo Kyamwilu. Ukilisimamisha gari hapo, ukatoa gia na kuachilia breki, utaliona likianza kwenda lenyewe, na macho yako yatakuapia kwamba linapanda mlima. Ukimwaga maji yatatiririka kuelekea juu. Wenyeji wana masimulizi yao kuhusu mahali hapo, na vijana wa eneo hilo watakuonyesha mahali pa kusimama.

Kombi ilikwenda yenyewe, polepole, mjomba akiwa ameinua mikono kutoka kwenye usukani na kucheka kama mtoto. Wataalamu hueleza kwamba mahali kama hapa, ambapo pako pia katika nchi nyingine, mteremko wa vilima vilivyokizunguka hulipotosha jicho. Kinachoonekana kupanda kwa kweli kinateremka.

"Kumbe ni kama matairi yangu," alisema mjomba. "Nilikuwa nikiona meno, sikuona miaka."

YALIKOKWENDA MAREHEMU

Lilibaki swali la matairi manne ya 2008. Mtu mmoja alikwisha kuyaulizia, "ya kuweka kwenye pikapu kwa muda tu". Mjomba alikataa. Alimwomba fundi ayatoboe ubavuni kwa kisu ili asiwepo mtu wa kuyapa maisha ya pili barabarani.

Tuliyapeleka kwa fundi wa akala sokoni. Nilidhani atayapokea kwa mikono miwili, lakini aliyapima kwa jicho na kuyasukuma kando. Yana nyuzi za chuma, alisema, zinaua kisu na kuchoma miguu. Alichukua mbavu tu, za kukatia kamba. Kilichomfurahisha ni tairi la akiba, ambalo mjomba alikuwa amelibeba tangu enzi za utoto wetu. Hilo lilikuwa la mtindo wa zamani, la nyuzi za kitambaa zilizopishana, na halikupaswa kamwe kuwekwa pamoja na yale ya R. Akalikata hapo hapo. Mjomba akapata jozi ya akala, akazivaa kurudi nyumbani. Tairi jipya la akiba likanunuliwa pia, maana gari la safari bila ya akiba ni nusu gari. Vipande vilivyokataliwa vimezungushiwa maua ya shangazi.

Kombi iliondoka Jumamosi iliyofuata. Mnunuzi alikuja na mkewe na watoto wote watatu, ambao walipanda kitandani kabla ya bei kumaliziwa kulipwa. Mjomba alimwita baba yao pembeni, akamwagiza ainame, na akamwonyesha tarakimu nne kwenye kila tairi, moja baada ya jingine, kama alivyokuwa akiwaonyesha wanafunzi hesabu ubaoni. Pesa zilizopungua alizipata baadaye kwa kuuza mbuzi wawili.

Desemba ilipofika simu ilimjia kutoka Mombasa. Walikuwa wamefika, na watoto walikuwa wakicheza baharini.

Basi msomaji, nenda Machakos. Panda vilima vya Iveti, watembeze watoto People's Park, limwagieni maji barabara ya Kyamwilu mwone maajabu. Lakini leo jioni, kabla ya lolote, chukua tochi utoke nje. Inama kwenye gurudumu la gari lako, la jirani yako, au la matatu inayowapeleka wanao shule, uzitafute tarakimu nne za mwisho. Ukizikosa upande wa nje, lala chali kama yule kijana, uingie chini.